Vidonge vya majira kwa ajili ya maumivu ya hedhi: jibu kwa msomaji wa Newala

*“Shikamoo daktari. Nina miaka 23, naishi Newala, sijaolewa na sijazaa. Tangu nikiwa kidato cha pili tumbo la hedhi linanitesa. Natapika, naharisha, maumivu yanashuka hadi mapajani, na siku ya kwanza siwezi hata kusimama. Zamani yalikuwa ya siku moja na nusu. Tangu mwaka jana yanaanza siku mbili au tatu kabla ya damu, na damu yenyewe inatoka na mabonge. Msimu wa korosho nafanya kibarua ghalani, na kila mwezi nakosa siku mbili. Nameza diklofenaki nikizidiwa, mara nyingine nachomwa sindano. Muuguzi wa zahanati ameniambia nijaribu vidonge vya majira. Bibi anasema hilo ni chango tu, litaisha nikizaa, na kwamba vidonge vitakausha kizazi na damu chafu itarundikana ndani. Mwenzangu anatumia sindano ya miezi mitatu na haoni kabisa siku zake, ananiambia na mimi nichome. Huwa pia naumwa kichwa upande mmoja. Natarajia kuolewa mwakani na nataka watoto. Nifanyeje?”*

Marahaba, binti. Muuguzi amekushauri vizuri. Vidonge vya majira ni dawa inayotambulika ya maumivu ya hedhi, na mwanamke anaweza kuvitumia kwa sababu hiyo peke yake, hata kama hana mume wala mpenzi. Ila barua yako ina mambo mawili ya kutazamwa kabla hujameza kidonge cha kwanza: maumivu yaliyobadilika tangu mwaka jana, na hicho kichwa cha upande mmoja. Nitafika huko. Kwanza uelewe kinachokuuma, maana ukikielewa, mengi ya bibi yatajijibu yenyewe.

Kila mwezi ukuta wa ndani wa kizazi hunenepa kujiandaa kupokea mimba. Mimba isipotunga, kichocheo (homoni) kiitwacho projesteroni hushuka na ukuta ule huanza kubomoka. Unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hufanya msuli wa kizazi ujikaze ili damu isukumwe nje. Zikiwa nyingi, msuli hujikaza kupita kiasi, mishipa ya damu iliyomo ndani yake hubanwa, oksijeni hupungua, nao unauma kama mguu unavyouma misuli inapokubana usiku. Nyingine huingia kwenye mzunguko wa damu na kufika utumboni. Kutapika na kuharisha kwako kunatoka huko, si “tumbo kuchafuka” wala si lazima iwe maambukizi ya njia ya mkojo. Nalisema hili kwa sababu mabinti wengi wenye tatizo kama lako hupewa antibayotiki mwezi baada ya mwezi kwa jina la “yutiai sugu” bila mkojo wao kupimwa vizuri. Antibayotiki haiwezi kuziondoa prostaglandini.

Sasa diklofenaki yako. Dawa yenyewe ni sahihi, saa unayoimeza ndiyo yenye kasoro. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia mwili usitengeneze prostaglandini mpya, ila zile zilizokwisha kutengenezwa haziondoi. Ukisubiri hadi uzidiwe, umechelewa saa kadhaa, na ukitapika kidonge kinatoka nacho. Anza siku moja kabla ya damu kama mzunguko wako unatabirika, au mara tu unapohisi dalili ya kwanza. Chagua moja kati ya hizi: ibuprofeni miligramu 400, yaani vidonge 2 vya miligramu 200, kila baada ya saa 8, au diklofenaki miligramu 50 kila baada ya saa 8. Meza baada ya kula, kwa saa, kwa siku 2 hadi 3, kisha acha. Usichanganye hizo mbili, ni za ukoo mmoja na utaumiza tumbo na figo bure. Ikibaki maumivu kidogo unaweza kuongeza parasetamoli gramu 1 (vidonge 2 vya miligramu 500), mradi usizidishe gramu 4 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na aspirini, au anayedhani ana mimba, asiguse ibuprofeni wala diklofenaki bila kuonana na daktari.

Sindano unayochomwa mara nyingi ni diklofenaki ile ile. Ina maana pale tu unapotapika kila kitu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa chini ya kitovu husaidia kweli, usiidharau kwa sababu haiuzwi dukani.

Wapo wanaotosheka na dawa za maumivu zikimezwa kwa wakati. Kwa mtu anayeanguka chini kila mwezi kwa miaka mingi kama wewe, hazitoshi peke yake, na hapo ndipo vidonge vya majira vinapoingia. Kidonge cha kawaida kina vichocheo viwili, aina ya estrojeni na aina ya projesteroni. Mchanganyiko unaopatikana sana ni maikrogramu 30 za ethinilestradioli na maikrogramu 150 za levonojestreli. Hufanya mambo mawili: huzuia yai lisipevuke, na hufanya ukuta wa kizazi ubaki mwembamba. Ukuta mwembamba una kidogo cha kubomoka, kwa hiyo prostaglandini ni chache, damu ni kidogo, na msuli haujikazi kwa nguvu ile.

Bibi hajasema hivyo kwa ubaya, ameona kitu halisi: mwanamke anayetumia dawa hizi huona damu kidogo au haoni kabisa. Ila damu hiyo haijafichama popote. Ukuta haukunenepa, kwa hiyo hakuna cha kumwagika wala cha kurundikana. Damu ya hedhi pia si uchafu unaopaswa kutolewa mwilini. Ni ukuta wa kizazi na damu ya kawaida. Kizazi nacho hakikauki. Ukiacha vidonge, vichocheo vyake hutoka mwilini ndani ya siku chache, ukuta hurudi kunenepa, na wengi huanza kupevusha yai ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Vidonge haviletei mtu ugumba. Jihadhari tu na wanaouza “dawa za kusafisha kizazi”, za kunywa au za kuweka ukeni: kizazi hakihitaji kusafishwa, na vitu vya kuweka ukeni huweza kuunguza na kuleta maambukizi, ambayo ndiyo huziba mirija.

Kuhusu kuzaa: kwa baadhi ya wanawake maumivu hupungua baada ya kujifungua, kwa wengine hayapungui. Mimba si tiba ya kumwandikia mtu. Unyago humfunza mwali usafi na usiri wa hedhi, na hayo yana heshima yake. Lakini maumivu yanayokulaza chini siku mbili si sehemu ya usiri, yanapaswa kusemwa zahanati.

Haya, mambo mawili niliyokuahidi. La kichwa ndilo linaloamua utapewa kidonge gani. Jiulize: kabla kichwa hakijaanza, kwa dakika 5 hadi saa moja hivi, huwa unaona vimulimuli, mistari ya kupinda inayong'aa, au sehemu ya macho inakuwa giza? Au mkono au upande mmoja wa uso unakufa ganzi, au maneno yanakuwa magumu kutamka? Ikiwa ndiyo, hata kama ilitokea mara moja tu, usitumie kidonge chenye estrojeni, kwa sababu vikikutana viwili hivyo uwezekano wa kiharusi huongezeka. Kama ni kichwa tu bila dalili hizo, kwa umri wako unaweza kuanza, lakini kikizidi baada ya kuanza, acha na urudi kliniki.

La pili ni maumivu yaliyobadilika. Maumivu ya kawaida ya hedhi huanza mwaka mmoja au miwili baada ya kuvunja ungo, huja pamoja na damu au saa chache kabla, na huisha ndani ya siku 2 au 3. Yako yalikuwa hivyo. Maumivu yanayotangulia damu kwa siku mbili tatu, yanayorefuka mwaka hadi mwaka, pamoja na mabonge mapya, yanataka tuulize kama kuna kitu kingine. Kuna endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na ukuta wa kizazi huota nje yake. Dalili zake nyingine ni kuumia wakati wa tendo la ndoa na kuumia wakati wa kujisaidia haja kubwa siku za hedhi. Kuna fibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi. Kuna maambukizi ya via vya uzazi, yanayokuja na uchafu wenye harufu, homa, na maumivu hata siku zisizo za hedhi.

Na huku kwetu Kusini ongeza kichocho. Watu wengi wanakijua kile cha kukojoa damu, lakini wengi hawajui kwamba mayai ya minyoo ile ile huweza kukwama kwenye mlango wa kizazi na uke wa mwanamke na kuleta maumivu ya nyonga, damu baada ya tendo la ndoa na uchafu usiosikia antibayotiki. Kama umekulia karibu na bwawa au mto, umelima mpunga ndani ya maji au kufua na kuoga humo, mwambie daktari. Tiba ni prazikwanteli, vidonge vinavyotolewa kwa kipimo cha uzito wako, na humezwa siku moja.

Hili halimaanishi usubiri vipimo vyote ndipo uanze tiba. Endometriosisi ndogo mara nyingi haionekani kwenye ultrasaundi, na hatua ya kwanza ya kuitibu ni hizi hizi dawa za maumivu na vichocheo. Anza tiba, na vipimo viendelee pembeni. Hospitali ya wilaya hapo Newala waombe wakupime wingi wa damu, mkojo na ultrasaundi ya nyonga, na wahakikishe huna mimba. Ikihitajika kwenda mbele, kuna hospitali ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara. Upande wa Masasi kuna Ndanda. Na kwa wasomaji wa Lindi kuna Sokoine na Nyangao. Nenda kabla minada ya korosho haijaanza mwezi wa kumi, ukishaingia ghalani hutapata nafasi.

Turudi kwa mwenzako na sindano yake. Sindano ya miezi mitatu ina projesteroni pekee, hupunguza maumivu vizuri, na wengi wanaoitumia mwaka mzima huacha kuona siku zao. Kwa mwanamke aliyekwisha kupata watoto anaowataka, au asiyeruhusiwa estrojeni, ni chaguo zuri. Kwako wewe ina kasoro mbili. Ikishachomwa haitoki, hata kama itakuletea damu ya matone mwezi mzima au unene usioutaka. Tena baada ya kuiacha, kushika mimba huchelewa: kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, wengine zaidi. Uzazi hurudi, ila huchelewa, na bi harusi anayeulizwa na mawifi kila mwezi hatakuwa na subira hiyo.

Kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono huwasaidia wengi kwa maumivu na huondolewa siku yoyote, lakini damu yake haitabiriki, hasa miezi ya mwanzo. Kama kichwa chako kina vile vimulimuli, mimi ningekufikiria kijiti kwanza. Kitanzi chenye kichocheo, kinachowekwa ndani ya kizazi, ni kizuri sana kwa damu nyingi na maumivu, na asiyezaa anaweza kuwekewa. Tatizo hakipatikani kila kituo. Usikichanganye na kitanzi cha shaba, ambacho ndicho kinachopatikana zaidi: hicho hakina kichocheo, na huweza kuongeza damu na maumivu. Kwa kuzuia mimba ni kizuri mno, kwa shida yako hakifai. Vidonge vya kichocheo kimoja wanavyopewa kina mama wanaonyonyesha havizuii yai kila mwezi, kwa hiyo kwa maumivu si vya kutegemea. Na P2, yaani vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, si tiba ya hedhi hata kidogo. Kuinunua ili “kusogeza siku” huvuruga tu mzunguko.

Kwa hiyo, kama kichwa hakina dalili zile na presha yako iko chini ya 140/90, mimi ningeanza na vidonge vya vichocheo viwili. Presha ndicho kipimo chenye maana kabla ya kuanza. Hakuna ulazima wa kupimwa ukeni. Sema pia kama umewahi kupata damu kuganda mguuni au kifuani, una ugonjwa wa ini, unavuta sigara, au unatumia dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini au dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, ambazo hupunguza nguvu ya vidonge.

Pakiti nyingi zina vidonge 28. Hesabu: 21 vina vichocheo, na 7 vya rangi ya kahawia ni madini ya chuma tu, vimewekwa ili usisahau kumeza kila siku. Anza siku ya kwanza ya damu, au ndani ya siku 5 za mwanzo. Meza kimoja kila siku saa ile ile, na ningechagua saa mbili usiku baada ya chakula, wakati wa taarifa ya habari, kwa sababu kichefuchefu cha wiki za mwanzo hupita ukiwa umelala. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, meza kingine. Ukisahau kimoja, kimeze mara unapokumbuka hata ikibidi kumeza viwili siku moja. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea na vilivyobaki, na kama unakutana na mwanaume tumia kondomu siku 7. Kondomu itahitajika hata bila kusahau kama una wasiwasi wa VVU na magonjwa ya zinaa, maana vidonge havikingi hayo.

Mwezi wa kwanza usitegemee muujiza. Matone ya damu katikati ya mwezi, matiti kuuma na kichefuchefu ni kawaida na kwa wengi hupungua kufikia mwezi wa tatu. Maumivu nayo hushuka hatua kwa hatua, kwa hiyo endelea na ibuprofeni kwa wakati wake. Toa hukumu baada ya pakiti 3, siyo baada ya wiki 2. Hali ya moyo ikibadilika, ukawa na huzuni usiyoielewa, sema. Kuna aina nyingine za kujaribu.

Ikiwa baada ya pakiti 3 bado unaumia siku za vidonge vya kahawia, kuna njia ambayo vituo vingi havimwelezi mtu. Ruka vya kahawia. Ukimaliza 21 vya vichocheo, siku inayofuata fungua pakiti mpya. Fanya hivyo kwa pakiti 3, siku 63, kisha pumzika siku 4 hadi 7 upate damu, halafu anza tena. Badala ya damu mara 13 kwa mwaka utaiona mara 5 hivi, na kila damu iliyoondoka imeondoka na maumivu yake. Ni salama kama njia ya kawaida, ila matone ya damu katikati huweza kuongezeka miezi ya mwanzo. Damu ya siku za kahawia si hedhi halisi, ni ya mwili kukosa vichocheo kwa siku chache. Mweleze muuguzi mapema, kwa sababu utatumia pakiti 16 hivi kwa mwaka badala ya 13, na usipomwambia ataona unamaliza haraka atadhani unagawa. Omba pakiti kadhaa kwa mkupuo kabla ya mvua, barabara za kwetu mnazijua. Nyumbani ziweke mahali pa ubaridi na pakavu, siyo juu ya kabati chini ya bati.

Hatari kubwa ya vidonge ipo, nayo ni damu kuganda kwenye mishipa. Ni adimu. Katika wanawake 10,000 wasio na mimba na wasiotumia vidonge, 1 hadi 5 hupatwa kwa mwaka. Kati ya watumiaji ni 3 hadi 9. Kati ya wajawazito ni 5 hadi 20. Yaani hata hiyo mimba inayopendekezwa kuwa tiba ya chango ina hatari zaidi kuliko vidonge. Kuhusu saratani, vidonge hupunguza ile ya ovari, yaani vifuko vya mayai, na ya ukuta wa kizazi, na huongeza kidogo ile ya matiti na ya mlango wa kizazi. Ongezeko hilo hupungua baada ya kuacha.

Acha vidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo ukipata mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au kupumua kwa shida, kichwa kikali ambacho hujawahi kukipata, macho kuona giza ghafla, au macho kuwa ya njano. Hata bila vidonge, usikae nyumbani ukiloanisha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, ukizimia, ukiwa na homa pamoja na maumivu ya chini ya tumbo, au siku zako zimechelewa kisha yakaja maumivu makali ya upande mmoja. Hiyo huenda ni mimba nje ya kizazi.

Kwenye kituo cha umma huduma ya uzazi wa mpango ni bure, na hakuna anayepaswa kukudai cheti cha ndoa wala ruhusa ya mzazi. Ukiona aibu kukaa benchi moja na kina mama wenye watoto, mwambie muuguzi faragha: “Nimekuja kwa ajili ya maumivu ya hedhi, naomba mnipime presha, na kichwa kinaniuma upande mmoja.” Nenda na daftari lenye tarehe za hedhi zako tatu za mwisho, siku maumivu yalipoanza, yalipoishia, dawa ulizomeza na saa ulizozimeza. Baada ya miezi 3 rudi na daftari hilo hilo. Kama siku za kulala chini hazijapungua, usiongezewe pakiti nyingine bila kuonana na daktari wa wanawake.